Waya Juu ya Mashamba ya Mpunga

Redio ya basi ilinyamaa tulipoanza kupanda Kitabi. Tangu Nyabugogo dereva alikuwa amefungulia kituo kimoja cha FM cha Kigali, mpira na matangazo ya biashara, na mpaka Huye sauti haikuyumba. Nyamagabe ikaanza kukwaruza. Tulipoingia msitu wa Nyungwe ikazama kabisa, dereva akaizima, tukabaki na mngurumo wa injini. Mimi nilikuwa dirishani. Nikatoa Tecsun PL-330 mfukoni, nikavuta antena yake na kuisogeza karibu na kioo. Ndani ya lile bodi la chuma, mahali pabaya kuliko pote pa kusikilizia redio, bendi ya mita 25 ikanipa Kiarabu na ya mita 19 ikanipa Kifaransa. Kijana tuliyekaa naye kiti kimoja akainama kusikiliza, kisha akauliza inatumia bando gani. Nilipomjibu kwamba haitumii bando wala laini, inachukua hewani tu, aliishika mkononi mpaka tulipotoka msituni upande wa pili.

Mawimbi ya FM huenda yakinyooka. Mlima ukisimama mbele yao, safari imeisha. Nyungwe inapanda kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo mgongo unaogawa maji yaendayo Nile na maji yaendayo Kongo. Inagawa na redio pia. Mawimbi mafupi hupanda juu, yakakutana na matabaka ya anga ambayo jua limeyatia umeme, kilomita mia na zaidi kutoka ardhini, yakarudishwa chini mbali sana na yalikotoka. Ndiyo maana mtu aliye katikati ya msitu anaweza kusikia ng'ambo ya bahari. Nimeyasoma haya tangu ujanani, na bado kila ninapoyasikia yakitokea hufurahi upya.

Nilikuwa nakwenda Muganza kwa mara ya kwanza, Septemba 2024, kutoka Mwanza kwa njia ya Rusumo na Kigali. Huko anaishi fundi wa redio, mzee ambaye tumeandikiana kwa muda mrefu: yeye hunipa alichokisikia usiku, nami humpa changu, masafa, saa na hali ya sauti. Mara nyingi orodha yake ilikuwa ndefu kuliko yangu, ingawa redio zangu ni za bei kubwa kuliko zake zote zikiwekwa pamoja. Nilitaka kujua sababu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa ufupi: njoo, lete waya, redio ziache nyumbani. Waya nikaleta. Redio sikuweza kuziacha.

Kutoka Kamembe barabara inateremka kuelekea kusini na joto linaongezeka kila kona, mpaka unafika tambarare ya Bugarama ambako hujioni tena kama uko Rwanda ya milima na baridi. Mto Rusizi, unaotoa maji ya Kivu na kuyapeleka Tanganyika, unapita hapa. Ukingo wake ndio mahali pa chini kabisa pa nchi, kiasi cha mita 950. Mpunga umejaa bondeni. Malori ya saruji yanaingia na kutoka kwenye kiwanda cha CIMERWA, kilichomo katika sekta hii hii ya Muganza. Magharibi imesimama milima ya Kongo, kusini ng'ambo ya Ruhwa ni Burundi. Mpaka huo Burundi ilikuwa imeufunga tangu Januari mwaka ule, na watu wenye ndugu upande wa pili walikuwa wakiusemea kwa uchungu. Hewani haukufungwa. Nikiwa bado kituoni nilizungusha FM kutoka mwanzo hadi mwisho nikakuta Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa, na Kiswahili cha upande wa Uvira kikitangaza bei ya samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Waya umeleta?"

Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabara. Juu ya meza kulikuwa na chuma cha kuchomelea, kopo la skrubu, mabunda ya waya wa shaba aliouzongoa kutoka mota zilizoungua. Kwenye rafu, National ya bendi tatu, ya ukoo ule ule ambao Matsushita waliuunda Dar es Salaam na kuusambaza kote huku, sanduku lake limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kando yake ilikaa redio ya Freeplay, ile iitwayo Lifeline, yenye mpini wa kuzungusha na kibao cha kunasa jua, yenye mawimbi ya kati, mafupi na FM. Redio hizo ziligawiwa Rwanda miaka ya mwanzo ya 2000 kwa watoto yatima waliokuwa wakiongoza nyumba zao wenyewe. Mzee amezitengeneza nyingi. Betri ya ndani hufa, alisema, lakini mpini hauchoki.

Wapenzi wa redio hawakutani bila kubishania redio iliyo bora, na jioni ile tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye anaiheshimu Sony ICF-2010, iliyotoka 1985 na kuuzwa Ulaya kwa jina la ICF-2001D. Aliwahi kuitengeneza moja ya padri, akakaa nayo usiku mmoja kabla ya kuirudisha, na bado anauzungumzia usiku huo. Sifa yake kubwa ni kwamba sauti inapofifia na kuharibika njiani, redio yenyewe huunda wimbi safi la kubebea sauti na kulifunga sambamba na lile lililodhoofika, maneno yakasikika tena. Mimi nilimtajia Panasonic RF-2200, yenye fito ya feraiti juu ya mgongo wake inayozungushwa kwa mkono bila kuigeuza redio yenyewe, ambayo kwa mawimbi ya kati wengi hawajaona mshindani wake. Tukakubaliana kuhusu Sony ICF-SW7600GR, na tukasikitika pamoja kwamba haitengenezwi tena.

Leo mzigo umebebwa na Wachina. PL-660 yangu ina ule ufundi wa kufunga wimbi nilioutaja, inapokea pia mawasiliano ya mabaharia na ya wapenzi wa redio za mawasiliano, na inakula betri nne ndogo za dukani. PL-880 ina vichujio vingi vya upana tofauti na spika yenye sauti ya kupendeza kuliko zote nilizowahi kuzishika za ukubwa wake. XHDATA D-808 inatumia betri ya 18650, ambayo fundi yeyote anaweza kuichomoa kwenye betri ya kompyuta iliyotupwa. Lakini mtu wa huku akiniuliza anunue ipi, nitamwambia PL-330, na sababu yangu iko nyuma yake: inatumia BL-5C, betri ile ile ya simu ndogo za Nokia, inayouzwa kwenye kila kibanda kuanzia Kamembe mpaka Kigoma. Redio nzuri ambayo betri yake inaagizwa ng'ambo, mwaka wa tatu ni pambo la kabati. Zipo pia redio za kuunganishwa na kompyuta, kama Airspy HF+, zinazoonyesha bendi nzima kwenye kioo. Nazipenda. Ila zinataka kompyuta, kompyuta inataka umeme, na umeme ndio nilioonyeshwa usiku ule kuwa adui.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa washa hiyo yako hapa hapa."

Nikawasha PL-660 juu ya meza. Mita 49 yote ilikuwa ngurumo moja nene isiyo na mapengo. Mzee akaenda kwenye swichi kuu akazima umeme wa nyumba, ngurumo ikapungua nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya majirani. Taa za LED na chaja za simu za siku hizi hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili kuupunguza, na zile za bei ya chini hazina kichujio cha kuzuia uchafu huo usirudi kwenye nyaya. Nyaya za nyumba zikawa antena ya kutangaza kelele mtaa mzima. Kumbe Mwanza nimekuwa nikiishi ndani ya kelele hiyo kiasi cha kudhani ndiyo sauti ya mawimbi mafupi.

"Twende bondeni," akasema.

Tuliteremka kwa tochi, tukafuata tuta linalotenga mashamba mawili ya mpunga. Pale ndipo pana antena yake. Waya wa shaba, kiasi cha mita 25, unatoka kwenye mkaratusi mmoja hadi kwenye nguzo ya mianzi, mita tano hivi juu ya maji. Vizuizi vya umeme kwenye ncha zake ni vipande vya soli ya ndala vilivyotobolewa matundu mawili. Chini ya mianzi kuna kikopo cha plastiki kilichofunikwa vizuri, na humo ndani ndimo ulimo ufundi: pete ya feraiti iliyotolewa kwenye televisheni iliyokufa, imezungushiwa nyaya tatu pamoja. Waya mrefu kama ule una ukinzani mkubwa, mamia ya omu, wakati kebo na redio zinataka hamsini. Ukiviunganisha hivi hivi, sehemu kubwa ya kilichonaswa haivuki kwenda redioni. Pete ile inashusha ukinzani mara tisa, na vitu vinaelewana. Kisha kuna nondo ya shaba iliyozamishwa kwenye tope la mpunga. Watu huisahau nondo. Waya wa juu ni nusu ya antena, ardhi ni nusu ya pili, na tope lenye maji mwaka mzima ni ardhi ambayo mtu wa mjini haipati kwa fedha.

Nikachomeka kebo kwenye PL-660. Kitu cha kwanza nilichosikia ni ukimya, nikahisi waya umekatika. Mzee akanionyesha kwa kidole: zungusha. Nikaenda kilohezi 11735, na hapo ikaja taarabu, fidla na kanuni, kutoka mtambo wa Dole, Unguja. Ni karibu kilomita 1,200 kutoka tope lile. Mwanza hukipata kituo hicho kwa kuisogeza redio dirishani na kuibana pembeni. Pale mwimbaji alikuwa akivuta pumzi nami naisikia pumzi yenyewe.

Kilichonifungua macho ni kipimo cha nguvu kwenye kioo cha redio. Nilipochomoa kebo na kutumia antena ya redio pale pale tutani, Zanzibar ilishuka kidogo tu na ikaendelea kusikika vizuri. Waya ule mrefu ulikuwa umeongeza nguvu, lakini kazi kubwa zaidi ilikuwa imefanywa na mahali. Msikilizaji hahitaji sauti kubwa. Anahitaji pengo pana kati ya sauti na kelele. Nimetumia fedha nyingi kununua sauti kubwa.

Tukafanya jaribio ambalo yeye alikuwa amelipanga tangu nilipomwandikia kwamba nakuja. Waya ule ule, usiku ule ule, redio mbili: PL-660 yangu na National yake. Kwenye Zanzibar, National haikupitwa, na kwa masikio yangu muziki ulikuwa na joto zaidi ndani ya sanduku lake la mbao na spika yake pana. Mita 31 mambo yakageuka. Huko vituo vimepangana kila kilohezi tano, National ikawa inaleta viwili kwa mpigo, ikihama taratibu kadiri ilivyopoa kwa umande, na PL-660 ikavitenganisha kwa kubonyeza kichujio chembamba. Lakini hata PL-660 nililazimika kuitoa kwenye nafasi ya DX, ile ya kunasa vituo vya mbali, na kuiweka ya kawaida, kwa sababu redio ndogo iliyotengenezwa kuridhika na antena yake fupi hulewa ikipewa waya wa mita 25, ikaanza kuonyesha vituo mahali ambapo havipo. Mzee alicheka kwa furaha. Alikuwa amekiri la kwake kuhusu mita 31, nami nikakiri langu.

Kwa mawimbi ya kati waya ule hakuutumia kabisa. Alileta fremu ya mbao ya msalaba, imezungushiwa waya mizunguko kumi na kadhaa na kufungwa kwenye kondensa ya kuzungusha ya redio ya zamani. Haina kebo. Unaisogeza karibu na redio, unazungusha kondensa hadi kituo kinachipuka, basi. Mchana tabaka la chini la anga hunyonya mawimbi ya kati na humsikii ila jirani. Jua huzama huku karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na muda si mrefu tabaka hilo linatoweka, bara zima linafunguka. Ukingo wa fremu tulipouelekeza kusini, 909 ilikuja kutoka Selebi-Phikwe, Botswana, na 1170 kutoka Eswatini. Tulipoigeuza robo mduara, hizo zilififia na 1530 ikapanda, kutoka São Tomé, magharibi kabisa baharini. Kugeuza tu mbao mkononi. Nilimwonyesha kwamba namba hizo zote zinagawanyika kwa tisa, kwa kuwa Afrika na Ulaya mawimbi ya kati yamepangwa kila kilohezi tisa, Amerika kumi. Redio ikiwa imewekwa ya Amerika, ukibonyeza utafutaji inaruka juu ya vituo vyetu. Alijua. Redio nyingi zinazoletwa kwake "zimeharibika" zina swichi hiyo tu imekaa vibaya.

Mitambo ya Botswana na São Tomé ilikuwa ya Sauti ya Amerika, na Machi 2025, miezi michache baada ya safari hii, idhaa hiyo ikanyamazishwa. Wasikilizaji wa huku hawakuwa wageni wa misiba ya namna hiyo. Mlima Kinyinya, Kigali, ulikuwa na mitambo ya Deutsche Welle tangu 1965, minne ya kilowati 250 kila mmoja, ikipeleka matangazo Afrika nzima na mbali zaidi. Machi 2015 ikazimwa. Mzee aliniambia jambo ambalo wa mbali hawalijui: Muganza mitambo hiyo haikuwa ikisikika vizuri daima. Masafa ya juu yanayoruka mbali huwaruka walio karibu. Mtu wa Dakar aliipata Kigali kwa nguvu, naye aliye upande wa pili wa Nyungwe akaipata ikitetemeka. Ndiyo sababu redio za nyumbani zilikaa kwenye masafa ya chini, yanayopanda karibu wima na kudondoka hapo hapo. Katika daftari lake lililokatika jalada nilizikuta kwa kalamu ya bluu: Redio Rwanda 6055, Dar es Salaam 5050, na Redio Kahuzi ya Bukavu, 6210, ambayo kwa miaka mingi wasikilizaji wa Ulaya walikesha wakiitafuta naye aliipata mchana kweupe kwa waya wa nguo.

Kurasa za 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, hazina masafa. Alizipitisha bila kuzificha. Watu wa nchi hii wanajua redio inaweza kuua. RTLM, redio ya chuki ya wakati ule, ilikuwa FM, na mauaji yalitangazwa humo. Yeye alivuka kwenda Bukavu na redio ndogo ndani ya blanketi. Mwaka huo huo ikaanza Redio Agatashya pale Bukavu, na BBC ikaanzisha Gahuzamiryango kwa ajili ya wanaotafutana. Majina yalisomwa: fulani, mtoto wa fulani, wa kilima fulani, yupo hai, yupo kambi fulani. Mzee alisema watu kambini walikuwa wakileta betri zao, hata za tochi, ili redio isizimike kabla orodha haijaisha. Alipata jina moja alilokuwa akilingoja. Hakuniambia ni la nani, sikuuliza.

Usiku uliofuata radi ilituzuia. Wilaya ya Kabare, ng'ambo tu kule nyuma ya Bukavu, ni ya pili duniani kwa wingi wa radi kwa vipimo vya setilaiti, zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Mvua za Septemba zilikuwa zinaanza. Kwenye mita 60 kila mwale ulipasuka masikioni kabla hatujasikia ngurumo yake, na milipuko ikakaribiana. Mzee akachomoa kebo, akaufunga waya wa antena kwenye nondo ya ardhini kwa koleo, akanisogeza kwa bega mbali na mkaratusi. Sheria yake ni kwamba wingu likionekana juu ya milima ya Kongo, waya uko ardhini, hata kama Zanzibar wanapiga wimbo gani. Hilo ndilo ningependa kila anayetundika waya alishike kabla ya kujua chochote kuhusu ukinzani na feraiti.

Tulirudi karakanani tukachora. Mwaka 2025, kiangazi cha Juni, tulitaka kulaza waya wa Beverage, antena iliyobuniwa na Mmarekani Harold Beverage mwanzoni mwa miaka ya 1920: haitaki kimo, inataka urefu, mita mia na zaidi, juu ya vijiti vifupi, na mwishoni kizuizi cha omu mia kadhaa kwenda ardhini. Inasikia upande mmoja tu, kule inakoelekea, na tuta lile la mpunga linanyooka kuelekea mashariki, upande wa Unguja na Madagaska. Mzee angezungumza na wenye mashamba, kwa sababu waya wa kimo cha goti unaweza kumkwaza anayepita na mzigo kichwani, na angefunga vitambaa vyekundu kila hatua chache. Kizuizi alikuwa nacho. Vijiti vya mianzi alikuwa navyo. Waya wa kutosha hakuwa nao, na mota zilizoungua Muganza alikuwa amezimaliza. Huo niliahidi kuutafuta kwa mafundi wa mota wa Mwanza, wa unene wa milimita moja, usio na kiungo.